Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Lamu

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu wanachama, wazazi na walimu wetu, kazi za kawaida mwazijua: mashindano ya Qur'ani yalifanyika, vitabu viligawiwa Shela na Matondoni, na kwenye Maulidi tulitoka kama ada. Sitawachosha kwa hayo.

Nataka kusema juu ya mwalimu, maana najua ndiyo habari ya barazani tangu Machi.

Shule moja ya sekondari ya upande wetu iliondokewa na mwalimu wa IRE, yaani somo la dini ya Kiislamu, alihamishwa, na nafasi yake haikujazwa. Kamati, kwa pendekezo langu, ikaamua fedha za pilau ya siku ya zawadi, pamoja na sehemu ya ada, zimlipe posho mwalimu wa bodi, yaani aliyeajiriwa na bodi ya shule, si na serikali. Walionuna walinuna. Tuliambiwa Lamu ni mji wa vyuo vya Qur'ani, mwanachuoni Habib Swaleh katuachia msikiti na chuo cha Riyadha, sasa twalipia dini shuleni ya nini? Wengine wakauliza mbona tusimchukue maalim wetu wa mtaani, tukaleta binti mgeni.

Sheria yataka mwalimu wa shule awe amesajiliwa na TSC, tume ya serikali ya walimu. Maalim wetu, ambaye hata mimi nimesoma kwake, hajasajiliwa, na mtihani wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari, wa somo hili huulizwa kwa Kiingereza. Tena watoto wengi wakifika sekondari chuo wameshakiacha. Ndio umri wa kuuliza mbona hivi na mbona vile, na asiyekuwa na mwalimu wa kumuuliza huiuliza simu.

Julai nilikwenda darasani (wanakamati wengine hawakupata nafasi). Somo lilikuwa mirathi. Ubaoni: mtu amekufa, ameacha mke, mwana wa kiume mmoja, wa kike mmoja, na nyumba ya shilingi 2,400,000. Binti wa dawati la nyuma akatoa kwanza thumni ya mjane, 300,000, kisha akagawa baki: mwana wa kiume 1,400,000, wa kike 700,000. Mvulana mmoja akadakia: na kama marehemu alikuwa na deni? Akajibiwa deni hutangulia, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo warithi waje. Watu wazima wa mji huu twapelekana kwa Kadhi kwa kutolijua hilo. Pilau ya siku moja ingetufunza?

Fedha: tulikusanya shilingi 86,400, posho 72,000, vitabu na nauli za boti 12,900, zimebaki 1,500. Wanachama ni 64, waliolipa ada ya mwaka mzima ni 23. Wanaoisemea sana pilau wengi wao hawamo katika hao 23. Majina ninayo, kwa leo sitayasoma. Mkutano wa Agosti tulikuwa watu 11, na wawili kati yao walikuwa wamekuja kutafuta watoto wao.

Mwaka ujao, inshallah, twatarajia kumbakisha mwalimu, na Mungu akijaalia tuangalie na shule za Faza na Kizingitini. Wafadhili tunaendelea kuzungumza nao.

Baada ya dua mweka hazina atakaa mlangoni na kitabu cha risiti. Ada bado ni 200 kwa mwezi, haijapanda.