Ukoo haupakwi rangi kwenye ramani

Mhariri,

Naandika kuhusu mtindo unaozidi kuenea wa kuchora koo na mitandao ya kisiasa juu ya ramani: kila ukoo na rangi yake, kila wadi na "wenyewe". Kwa Lamu, ramani ya aina hiyo itapotosha kuliko kufahamisha.

Hapa mjini, baba humjengea binti yake nyumba, na mume ndiye anayehamia. Mtu wa mtaa wa Langoni hulala mtaa wa Mkomani kwa mkewe, na kukicha anarudi kuketi barazani kwa ndugu zake. Huyo apakwe rangi gani? Sisi Wabajuni, Waswahili wa visiwa na pwani ya kaskazini, ndio zaidi. Bibi yangu alizaliwa pwani ya bara, upande wa Kiunga, akakimbia vita vya Shifta, uasi wa waliotaka kaskazini-mashariki mwa Kenya ijiunge na Somalia, miaka ya 1960. Shamba liliachwa kule, kaburi lake liko huku, na wajukuu wametapakaa hadi Malindi na Mombasa. Ramani inayohesabu waliopo leo tu itaonyesha kwamba kule hatukuwahi kuwako, na kwa jinsi migogoro ya ardhi ilivyo kwetu, hilo si jambo dogo.

Wanaochora ramani hizi wawaulize wazee kwanza, kisha watumie mistari ya uhamaji na ndoa badala ya mabaka ya rangi. Wasionyeshe nyumba ya mtu. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu asili ya kikabila kuwa taarifa nyeti, na siasa za kura zikipamba moto, ramani hugeuka orodha ya watu wa kulengwa.

Msomaji,
Langoni, Lamu