Shangazi, bega lako halidanganyi

Shangazi mpendwa,

Huku Kisumu tu wazima. Nakuandikia hadharani kwa sababu najua hapo Nakuru wako wengi wenye maumivu kama yako, na wameacha kuyataja.

Bega uliloumia Januari 2008, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, mkikimbia kutoka mtaa wa Kaptembwa, kabla hamjafika kwenye hema pale uwanja wa maonyesho, lilipona. Eksirei zote zinasema hivyo. Lakini kila mwaka wa uchaguzi, 2013, 2017 na 2022, liliamka tena. Gari la kampeni likipita na vipaza sauti, shingo inakaza, mkono unakuwa mzito, usingizi unapaa. Watoto wako wanasema unajiendekeza. Jirani anasema umerogwa (huyo naye kila kitu ni kurogwa). Siafiki hata mmoja.

Mtu akitishwa, adrenalini humwagika, moyo hudunda, misuli hukaza ili apigane au akimbie. Hatari ikipita mwili hutakiwa kutulia, ila si kila mwili hutulia. Ubongo hufunga pamoja kelele, moshi na maumivu ya siku ile. Kimoja kikirudi, vingine hufuata. Mishipa ya fahamu nayo, ikishazoea kupeleka habari za maumivu, huzipeleka hata kwa sababu ndogo, kama mlinzi anayepuliza filimbi kila paka akipita. Unaumia kweli. Eksirei hupiga picha ya mfupa, haipigi ya woga.

Yule mama anayekukanda, endelea naye, maana unarudi umelegea na unalala. Anapokuambia hofu imejificha ndani ya msuli na ataitoa kwa vidole, hapo msikilize kwa adabu tu. Na siku atakapokuambia uache dawa za presha, usirudi kwake.

Kinachonikera ni kwamba kila ukienda kliniki unamwambia daktari, "Nilianguka," basi. Haulizi mwaka, hutaji mwaka. Atakutibu vipi nusu? Bega linahitaji mazoezi ya fiziotherapia, polepole, hata likilalamika kidogo. Usiku ule mliokimbia nao unahitaji mshauri nasaha wa kuusikiliza. Vyote viwili, kwa wakati mmoja. Kampeni zikianza kupiga kelele, vuta pumzi, kisha itoe taratibu kuliko ulivyoivuta; mapigo ya moyo hushuka.

Uchaguzi mwingine ni Agosti 2027, tusingoje. Mwisho wa mwezi nakuja, twende kliniki pamoja. Ukitaka nikae nje wakati unasimulia, nitakaa nje.

Mpwa wako