Risala ya Klabu ya Kifaransa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Onyesho la Tamthilia ya Molière

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima, tunakukaribisha shuleni kwetu na tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, leo tutaigiza sehemu za L'Avare, yaani Bahili, tamthilia ya Molière, mwandishi na mwigizaji wa Kifaransa, iliyochezwa kwa mara ya kwanza jijini Paris tarehe 9 Septemba 1668. Molière mwenyewe ndiye aliyeigiza Harpagon, mzee tajiri aliyefukia bustanini kijisanduku cha dhahabu na asipate usingizi kwa hofu ya wezi.

Utacheka, Mheshimiwa. Utamwona akimpekua mtumishi: akishaonyeshwa mikono yote miwili, anadai kuona na mingine! Lakini sisi tulioisoma kazi hii tumeguswa zaidi na watoto wake, Cléante na Élise.

Cléante ananyimwa fedha na baba yake, basi anatafuta mkopo wa faranga 15,000 kupitia dalali, bila kumjua mkopeshaji. Masharti ni ya kuumiza. Riba inapita asilimia 25, na faranga 3,000 hazitolewi taslimu, ila anabebeshwa vitu vikuukuu, ikiwemo ngozi ya mjusi iliyoshindiliwa nyasi kavu. Wanapokutanishwa uso kwa uso, mkopeshaji ni baba yake mzazi. Hakuna anayeona haya kwanza. Kila mmoja anamshambulia mwenzake. Kwetu sisi hapo ndipo penye uchungu wa tamthilia nzima, kwa sababu baba na mwana wamebaki kuwa mdai na mdaiwa.

Élise naye baba yake anataka kumwoza kwa Anselme, mtu wa makamo ambaye binti hampendi. Wazazi wetu, katika Ufaransa ya wakati ule mahari ilitolewa na upande wa binti, na Anselme yuko tayari kumchukua bure. Kwa hiyo kila hoja anayoletewa Harpagon, jibu lake ni lile lile: "Bila mahari!"

Mheshimiwa, wapo wenzetu waliopendekeza tumfanye Harpagon atubu mwishoni. Tulikataa. Molière hakumtubisha: watoto wanapata wachumba wao kwa gharama za Anselme, na mzee anadai ashonewe suti mpya ya harusi, kisha anakwenda kukitazama kijisanduku chake. Tumeuacha mwisho huo kama ulivyo, maana ndio ukweli wa mtu huyu.

Changamoto zetu ni upungufu wa nakala za tamthilia, hata tunasoma kwa zamu, na ukumbi kukosa vipaza sauti. Mavazi tumeshona wenyewe kwa mapazia yaliyotolewa na wazazi, nasi tunawashukuru sana.

Tunaomba utusaidie kupata vitabu na vipaza sauti, ili mwakani tuigize matendo yote matano.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama, Klabu ya Kifaransa