Usilinunue Gari la Mokowe Kabla Hujalitazama Tumbo

Malindi,
Jumapili, baada ya Alasiri

Ndugu yangu, sahibu yangu wa tangu chuoni,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako niliipata Ijumaa kwa mkono wa kondakta wa basi, nikaisoma barazani mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili mama watoto naye asikie, kwa sababu jambo unaloniuliza lilitushughulisha sisi pia kwa muda mrefu mwaka jana. Unasema kuna Honda CR-V kongwe inauzwa hapo Mokowe, bara ya ng'ambo ya kisiwa chenu cha Amu (Lamu), kwamba dashibodi yake inaonyesha kilomita 290,000, na kwamba shemeji hataki hata kulisikia kwa sababu ya namba hiyo, ilhali binti yako, ambaye atatimiza miaka 18 baada ya Idi, ameshaanza kuhesabu marafiki watakaoenea ndani. Umeniandikia mimi kwa kuwa unajua tulimtengenezea kijana wetu gari la aina hiyo hiyo. Nitakueleza tulivyofanya, na pale tulipokosea sitakuficha.

Nianze na namba iliyomtisha shemeji. Gari letu liliundwa Japani mwaka 1999, likaingia nchini mwaka 2006, wakati lilikuwa bado halijavuka ule umri wa miaka minane unaoruhusiwa na sheria, na tulipolinunua lilikuwa limekwenda kilomita 312,000. Mwenyewe wa awali alikuwa akienda Mombasa na kurudi karibu kila siku, na wewe unajua ni kama kilomita 120 kwenda peke yake. Injini inayopata moto sawasawa na kwenda mwendo mmoja kwa saa mbili huchakaa polepole kuliko ile inayowashwa mara kumi kwa siku kwenda sokoni na kurudi, kwa maana sehemu kubwa ya uchakavu hutokea injini ikiwa bado baridi. Isitoshe, namba ya dashibodi hurudishwa nyuma na watu wasio na haya, na ndiyo sababu mimi huitazama kwanza pedali ya breki: gari linalodai kilomita 90,000 huku mpira wa pedali umelika hadi chuma, usukani unang'aa kama sahani na kiti cha dereva kimebonyea, linasema uwongo. Lenu lenye 290,000 huenda likawa angalau linasema kweli.

Kilichokaribia kututia hasara si kilomita bali chumvi. Miaka mitatu ya mwisho kabla hatujalinunua, gari letu lilikuwa limeegeshwa kwenye nyumba moja ya ufukweni upande wa Mambrui, likitembezwa mara moja moja. Mimi nililitazama kama wanunuzi wote wanavyotazama: nikazunguka, nikagongagonga milango, nikasikiliza injini, nikafurahia rangi. Laiti ningelikumbuka nyumbani kwenu! Nyinyi ni watu wa majahazi, na sijaona hata siku moja marehemu babako akitia bei chombo kikiwa kinaelea. Alingoja maji yapwe, chombo kilale ubavu, kisha akapita na kisu chake akichokoachokoa mbao za tumboni na kukagua kalafati. Gari la pwani halina tofauti. Chumvi huvuta unyevu hewani na kuushikilia juu ya chuma, na maji ya chumvi huharakisha kutu kuliko maji ya mvua, kwa hiyo gari lililosimama karibu na bahari huendelea kuoza hata pale lisipokwenda popote. Mokowe ni gati, ndugu yangu. Uliza gari hilo limesimama hapo tangu lini.

Siku tuliyolitia gereji na kulipandisha juu, nilichukua bishibisi nikasukuma kwenye kingo zilizo chini ya milango, na upande wa kushoto ikaingia mpaka mpini. Mtu alikuwa amekwisha kuziba matundu kwa pati, kitu laini kisicho chuma, na kupaka rangi juu yake, na sumaku ndogo ya jokofu, ambayo kijana aliitoa nyumbani, ilikataa kunata hapo ingawa ilinata vizuri kila mahali pengine. Aina hii ya gari ina jambo la kupendeza: sakafu ya buti ni meza ya kukunja, unaitoa na kuikunjua miguu mkaketi mkanywa kahawa tungu popote mlipo. Basi tulipoinua meza hiyo tulikuta chini yake kidimbwi cha maji na mchanga wa pwani, na bati lote limegeuka rangi ya mdalasini. Fundi wa kuchomelea aliniamuru nichomoe waya za betri kwanza ili umeme wa kuchomelea usiunguze kompyuta ya injini, akakata chuma kilichooza, akapachika bati jipya, nasi tukakwaruza kwa msasa, tukapaka rangi ya kuzuia kutu tabaka mbili. Kazi hiyo ilichukua siku tisa na ikala fedha kuliko jambo lingine lolote. Mirija ya chuma inayopeleka mafuta ya breki nyuma nayo ilikuwa imevimba kwa kutu, tukaibadilisha yote bila kubishana.

Hapa nikuonye jambo ambalo watu wengi hulikosea. Utaambiwa uoshe gari chini kila wiki, na ni kweli, lakini usilioshe kwa maji ya kisima cha karibu na ufuo, ambayo huwa yana uchumvichumvi, maana hapo utakuwa unamwagia kidonda kile kile kilichokitia ugonjwa. Nyinyi Amu mna bahati ya maji matamu ya visima vya Shela, chini ya vilima vya mchanga, lakini gari litakuwa bara, si kisiwani. Sisi maji ya kisima tuliyakuta hata ndani ya rejeta. Mtu aliona usumbufu kununua maji ya rejeta yenye dawa, akajaza ya kisimani, na njia za ndani zikaziba kwa chokaa. Tulinunua rejeta nyingine. Ukienda kulitazama gari hilo, nenda asubuhi kabla hawajaliwasha, weka mkono juu ya boneti uhakikishe ni baridi, kisha fungua kifuniko cha rejeta. Ukiona maji ya rangi ya kutu, punguza bei. Ukiona utando kama maziwa yaliyochanganyika na mafuta, rudi nyumbani.

Sasa mkanda wa taimingi, ule unaofanya vali na pistoni za injini zifuatane kwa mpangilio. Injini ya gari hili, ya lita mbili, haitumii mnyororo bali mkanda wa mpira, na mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000 au zaidi kidogo. Ukikatika njiani, vali hugongana na pistoni na injini imekwisha. Muuzaji aliniapia kwamba umebadilishwa. Kijana ndiye aliyeona kibandiko chakavu ndani ya chumba cha injini, kimeandikwa kwa Kijapani, akakipiga picha, simu ikatutafsiria: mkanda ulibadilishwa kilomita 98,000. Huko Japani mafundi wana desturi ya kubandika hivyo. Hatukuona alama yoyote kwamba uliguswa tena tangu gari liingie Kenya, na tulipoutoa ulikuwa na nyufa kama nyayo za mkulima. Tukabadilisha mkanda, kikazio chake na pampu ya maji kwa mpigo mmoja, kwa kuwa pampu hiyo huzungushwa na mkanda huo huo na kuifikia baadaye ni kulipa ufundi mara mbili. Kiapo cha muuzaji usikihesabu. Hesabu mkanda uliouona kwa macho.

Niliahidi nisifiche tulipokosea. Gari lilikuwa likiguna nyuma kila tulipokata kona kali, mguno mzito kama wa ngamia anayeamshwa. Fundi mmoja hapa mjini, ambaye jina lake nalihifadhi, alisema difu ya nyuma, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma, imekufa na akatutafutia nyingine ya mtumba. Nilikwisha kumpa arubuni. Jirani aliyepata kuwa na gari kama hili ndiye aliyecheka na kuniambia kwamba difu ya Honda hizi ina pampu mbili ndani yake na inahitaji mafuta yake maalumu, na kwamba yakichakaa, au ikitiwa mafuta ya difu ya kawaida, huguna vivyo hivyo. Tulimwaga, tukatia mafuta yanayostahili, tukaenda kuzungukazunguka kwenye uwanja wa mchanga, na kabla ya Magharibi mguno ulikuwa umekwisha. Arubuni yangu sikurudishiwa.

Breki tulizifanya wenyewe, mimi na kijana, na nilitaka iwe hivyo kwa makusudi. Mbele ni diski na pedi, nyuma ni ngoma na viatu, na hakuna kigeni ndani yake ila usafi na subira. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na kwa hewa yetu hii miaka miwili inatosha kuyaharibu, kisha yakipata joto kwenye mteremko huchemka na pedali inazama. Yaliyotoka kwetu yalikuwa meusi tii. Kijana alikaa kitini akikanyaga pedali na kuishikilia, mimi chini nikifungua na kufunga, nikipiga kelele "Kanyaga! Shikilia! Achia!" mpaka majirani wakatoka kutazama nani anagombana na nani. Tulipomaliza gurudumu la nne tulibadilishana, yeye akaingia chini. Tangu siku hiyo hakanyagi breki kwa ghafla bila sababu, kwa vile anajua kilichoko mwisho wa pedali.

Matairi usiyatazame meno yake tu. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Yetu yalikuwa na meno mazuri kabisa, lakini yalikuwa na umri wa miaka kumi na moja na mpira umekauka. Tulinunua manne mapya ya kipimo cha 205/70 R15, na la akiba pia tulilibadilisha baadaye. Gari hili ni refu kwenda juu na halina kompyuta ya kulizuia lisiserereke, na kijana akistuka na kukata usukani kwa nguvu linaweza kupinduka. Tairi bovu ndilo huanzisha msiba huo. Mikanda ya viti nayo tuliivuta yote mpaka mwisho, tukabadilisha mmoja wa nyuma uliokwaruzika.

Rangi hatukuigusa. Ukingo wa mlango uliochomelewa bado una kivuli tofauti, na kijana aliona haya juma moja kisha akazoea. Kiyoyozi hakifanyi kazi hadi leo, na redio ni ile ile. Binti yako atataka kuanzia hapo hapo, na usimlaumu, ila fedha zikianza na rangi hazitafika kwenye mirija ya breki.

Kuhusu karatasi nitakuwa mfupi. Kabla ya kutoa fedha, tafuta rekodi ya gari kwenye mtandao wa mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, uone ni nani mwenyewe na kama kuna mkopo juu yake, na uhamisho wa umiliki uanzwe na muuzaji ukiwa umeketi naye. Kampuni nyingi za bima hukataa kutoa bima kamili kwa gari la umri huu, kwa hiyo jiandae kwa ile ya kulinda watu wengine tu, na uulize mapema masharti ya dereva kijana. Hata leseni ya muda ya kujifunza binti yako hapati kabla ya kutimiza miaka 18. Basi miezi hii iliyobaki mpe spana badala ya ufunguo.

Sisi tulimwekea kijana masharti machache: mwezi wa kwanza asivuke daraja la Sabaki kaskazini wala asipite Gede kusini, asiendeshe usiku, na asichukue zaidi ya rafiki mmoja. Hili la rafiki mmoja alilipinga sana, na mama yake ndiye aliyeshinda. Tuktuk na bodaboda za mjini zimemfundisha mengine.

Nitapanda basi la Alhamisi alfajiri, inshallah, nikiwa na jeki, sumaku, bishibisi na kipande cha turubai cha kulalia. Mwambie muuzaji asilioshe wala asiliwashe gari asubuhi hiyo, nawe usitoe arubuni hata shilingi kabla sijatoka chini yake. Binti yako naye aje, avae nguo ambazo shemeji hatazililia. Kijana wangu anaomba usisahau kumnunulia halua ya Amu.

Wasalaam,
Sahibu yako wa Malindi