Hamisha hema

Uyole, Mbeya
Julai

Mwanangu,

Picha yako ya Kasane, huko Botswana, imetufikia. Mdogo wako ndiye aliyetuonyesha, maana sisi wazazi wako hukututumia. Mama yako ameangalia jua linavyozama juu ya mto Chobe, akasema ni pazuri kweli. Mimi nimeangalia hema. Kutoka mlangoni hadi majini ni hatua chache tu, na pembeni kwenye majani kuna njia iliyokanyagwa, imechimbika mistari miwili, katikati pamebaki tuta. Ile si njia ya watu, mwanangu, ni ya kiboko. Hamisha hema leo hii, kabla giza halijaingia.

Kiboko mchana kutwa yuko majini. Usiku hutoka kwenda kula majani, na kabla hakujapambazuka anarudi mtoni kwa njia yake ile ile. Akikukuta umesimama kati yake na maji hatakuzunguka. Na wewe tangu mdogo ni mtu wa kuamka saa kumi usiku kwenda haja. Nunua ndoo yenye mfuniko, iwe ndani ya hema. Usione aibu.

Najua utasema wenzako wote wamelala hapo na hawakudhurika. Sisi madereva pale Kazungula, mpakani mwa Zambia na Botswana, tulikuwa tunapanga foleni ya malori siku kadhaa tukisubiri pantoni, maana daraja hilo la mita 923 ulilovuka wewe lilifunguliwa Mei 2021, mimi nimeshaacha usukani. Tulikuwa tunapika, tunafua na kuoga pale pale kando ya Zambezi. Wenyeji walichota maji kwa kopo lililofungwa kwenye mti mrefu, wamesimama mbali. Mgeni alijulikana kwa kuinama. Mamba hukaa kimya akisoma mahali mtu anapozoea kuja, ndiyo maana jana kutodhurika hakukusaidii kitu leo. Usiiname majini, hata kunawa mikono tu.

Mama yako ananisoma begani. Anasema utembezi umeutoa kwangu, na kwamba mtu aliyekuwa anakula sikukuu barabarani asimwambie mtoto habari za kukaa nyumbani. Basi, nyumbani sikuambii. Endelea na safari yako. Hapa Uyole nimekwisha kuwaambia watu wengi kwamba binti yangu yuko Botswana na hakupeleka mzigo wa mtu, amekwenda kuona dunia kwa macho yake. Nafurahi sana nikisema hivyo. Lakini hamisha hema.

Kuhusu safari yako ya kwenda mji wa Maun. Barabara ya Kasane hadi Nata ni kama kilomita 300, pori pande zote mbili na hakuna uzio. Nchi hiyo ina tembo kama 130,000, hakuna nchi nyingine duniani inayoifikia. Usiku tembo haakisi taa. Dereva anaona ukuta wa kijivu wakati breki hazimsaidii tena. Ukiomba lifti omba asubuhi, na dereva akisema mtafika usiku, shuka. Mbele zaidi kuna vizuizi vya mifugo, watakukagua nyama mbichi kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo na kukukanyagisha viatu kwenye dawa. Watii tu. Na machungwa usilale nayo hemani, tembo anayafuata kwa harufu.

Huko kwenye delta ya mto Okavango, karibu na Maun, utapenda, nasema kweli. Mvua zinanyesha Angola, maji yanatembea miezi mpaka yanafika huko kiangazi, wakati kila kitu kimekauka, kisha yanaishia mchangani bila kuiona bahari. Wanyama wote wanayakimbilia. Watakupandisha mtumbwi wa upondo, utakaa chini kabisa, karibu usawa wa maji. Anayeshika upondo anajua viboko wako wapi. Akisema tusubiri, msubiri, hata kama ni saa nzima, na usimwombe akusogeze upate picha. Kwenye visiwa mkipiga kambi, uliza kwanza njia ya kiboko iko upande gani.

Dawa ya kinga ya malaria unameza? Hujanijibu tangu uko Lusaka.

Huku baridi ni kali, asubuhi majani yanakuwa meupe. Viazi tumevuna, bei si nzuri, nimehifadhi gunia za mbegu na zilizobaki nimeuza. Ng'ombe amezaa jike. Ile bati iliyokuwa inavuja juu ya chumba chako fundi ameibadilisha, ila ametuharibia dari, tunagombana naye. Mdogo wako anatakiwa kupeleka cheti cha kuzaliwa shuleni wiki ijayo na kabati ulilifunga wewe. Ufunguo uliuweka wapi? Jibu hilo leo, na ukijibu uniambie na hema sasa liko wapi.

Baba yako