Barua kwa mdogo wangu wa Guangzhou: wikiendi ya Yangshuo kwa treni

Mdogo wangu,

Nasikia mnataka kwenda Yangshuo, ule mji wa kitalii wa mkoa wa Guangxi, watano, Ijumaa hadi Jumapili. Anzeni na tiketi ya kurudi. Ya kwenda mtaipata mkihangaika kidogo, ila Jumapili alasiri kila mtu anarudi mjini na treni zinajaa.

Tiketi hufunguliwa siku 15 kabla, ukihesabu na siku ya kununua. Tumieni 12306, programu rasmi ya reli ya China, ina Kiingereza. Jisajilini mapema kwa sababu pasipoti hukaguliwa kwanza. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, na la babu lisiachwe. Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Mmoja awanunulie wote, na wengine wasinunue "kwa tahadhari" pembeni: pasipoti moja haikubali tiketi mbili za saa zinazogongana.

Daraja la pili linatosha. Kila mstari una A, B, C, njia, kisha D na F (E haipo), kwa hiyo watano mnaujaza. Mwenye miguu mirefu apewe C au D. Tiketi zikiisha, jiwekeni kwenye orodha ya kusubiri humo humo. Msipopata, hela inarudi. Kuna pia tiketi isiyo na kiti, bei ileile ya daraja la pili, kisha usimame zaidi ya saa mbili. Mimi siinunui.

Mkighairi siku 8 au zaidi kabla ya safari hamkatwi kitu. Chini ya hapo ni 5%, chini ya saa 48 ni 10%, chini ya saa 24 ni 20%.

Sasa kituo. Someni vizuri tiketi: treni za huko kwa kawaida huondokea Guangzhou South, kule wilaya ya Panyu, si kituo cha zamani kilicho karibu na mtaa wa Xiaobei. Aliyekosea kituo hiki kwenda kile asitegemee kuwahi. Kutoka Xiaobei tengeni saa nzima ya metro, na nyingine ya foleni na ukaguzi wa mizigo, kwani geti hufungwa dakika chache kabla ya treni kuondoka. Tiketi ya karatasi haipo. Pasipoti yenyewe ndiyo tiketi, na picha yake kwenye simu haikubaliwi. Geti likigoma kuisoma, nenda penye mhudumu, mara nyingi pembeni kabisa.

Visu acheni nyumbani. Spreyi ya kwapani ikizidi mililita 150 inabaki kwenye ukaguzi, na pawabenki iliyofutika maandishi ya uwezo wake vilevile. Maji ya moto yapo kila behewa, bebeni tambi za kikombe. Sigara hapana, hata chooni: king'amuzi cha moshi hupunguza mwendo wa treni nzima.

Kinachowashangaza wageni ni kwamba kituo cha Yangshuo kiko Xingping, kama kilomita 30 kutoka mji wa Yangshuo. Mkifika usiku msihangaike na usafiri wa kwenda mjini Yangshuo; laleni Xingping. Asubuhi mtembee kando ya Mto Li hadi penye mandhari iliyo nyuma ya noti ya yuan 20. Hoteli ipigieni kwanza muulize kama inaandikisha wageni wa nje. Itataka pasipoti ya kila mmoja, kwa hiyo aliyeisahau bwenini airudie kabla hamjaingia metro.

Kaka yako