Barua ya Kufunga Muhula: Likizo Hii Watoto Wacheze

Ofisi ya Mwalimu Mkuu

Kwa wazazi na walezi wa wanafunzi wote, Awali hadi Darasa la Saba

YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA NA MICHEZO YA WATOTO WAKATI WA LIKIZO

Ndugu Wazazi na Walezi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunamshukuru Mungu muhula wa kwanza umefika mwisho salama. Mitihani imesahihishwa na kila mtoto amekabidhiwa ripoti yake. Naomba muisome pamoja naye, msaini sehemu ya mzazi, na airudishe siku ya kufungua shule. Tarehe imeandikwa chini ya ripoti hiyo. Asanteni sana mliochangia mahindi na maharage, na mliojitokeza na majembe siku ya kusafisha uwanja. Huo uwanja ndio ulionisukuma kuandika barua ndefu kuliko kawaida.

Kila likizo ya Juni inapokaribia, wazazi hupita ofisini na swali moja: "Mwalimu, huyu mtoto asikae bure mwezi mzima, nimpeleke tuisheni ya nani?" Swali hilo linatoka kwenye mapenzi, nami naliheshimu. Mwaka huu nawajibu wote kwa pamoja: mtoto anayecheza hajakaa bure. Mpeni kila siku muda wa kucheza nje, na wenzake, michezo yao wenyewe, na muda huo usiwe wa kukatwa kila inapotokea kazi nyingine.

Sisemi waache vitabu. Kazi za likizo zipo daftarini, na walimu wamezipima ili mtoto akikaa nazo asubuhi azimalize bila kukesha. Darasa la Nne na Darasa la Saba wana kazi zaidi, kwa kuwa mitihani ya taifa inawasubiri. Lakini hata mtoto wa Darasa la Saba, pamoja na mtihani wake wa Septemba, akishinda ndani akikariri kutwa nzima, jioni kichwa kinakuwa hakipokei tena. Akatoke, akimbie, atoke jasho, kisha arudi kwenye hesabu.

Nianze na mdako, maana ni mchezo ambao watu wazima wengi wanaupita bila kuutazama. Watoto wanachimba kishimo, wanatia kokoto, wanakaa kukizunguka. Mmoja anarusha kete yake juu. Ikiwa bado hewani, mkono uleule unazoa kokoto kutoka shimoni na kuwahi kuidaka kete kabla haijaanguka. Anarusha tena, na sasa anazirudisha shimoni, anabakiza moja tu nje. Zikiisha mojamoja anakwenda mbilimbili, halafu tatutatu. Jicho linafuata kitu kinachopaa huku vidole vikifanya kazi nyingine chini, na vidole hivyo ndivyo vinavyotakiwa kushika penseli. Kichwa nacho kinagawanya: kokoto kumi na mbili zikitolewa tatutatu ni mara nne, na zikiwa kumi na tatu inabaki moja ya kuzua ubishi. Wako watoto wa Darasa la Pili wanaoduwaa wakiona kugawanya ubaoni, na hesabu hiyohiyo wanaifanya mavumbini bila kuombwa. Mwalimu wao ameshaanza kuingia na kokoto darasani.

Rede ni habari nyingine kabisa. Wawili wanasimama pande mbili wanarushiana mpira, aliye katikati anaukwepa, na huku akikwepa inambidi ajaze chupa mchanga. Anakimbia, anasimama ghafla, anainama, anaruka, anageuka, na muda wote anapima: nichote mchanga sasa au mpira unakuja? Mpira wenyewe, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2019, ni wa soksi kuukuu na matambara yaliyofungwa kamba. Haugharimu kitu.

Mwili wa mtoto unahitaji purukushani hizo. Mifupa yake inaimarika anaporuka na kutua, moyo na mapafu vinapata nguvu anapohema, na usiku analala vizuri. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuushughulisha mwili kwa nguvu ya wastani au kubwa, na angalau siku 3 kwa wiki apate mazoezi yanayoimarisha misuli na mifupa. Kwa wadogo wa miaka 3 na 4, mwongozo wa mwaka 2019 unataka dakika 180 za kujishughulisha kwa siku, na kukaa mbele ya skrini kusizidi saa 1. Dakika hizo si lazima ziwe za mfululizo. Mchezo wa asubuhi na mwingine wa jioni unazitimiza.

Naomba mlifikirie hili. Shule ikiwa wazi, mtoto anatembea kuja, anakimbia mchakamchaka, anacheza mapumziko ya saa nne, anatembea kurudi. Likizo ikianza, vyote hivyo vinakatika siku moja. Asipotolewa nje na nyumbani, mwezi mzima unaweza kupita akiwa ametoka kitandani kwenda kwenye kochi, kutoka kwenye kochi kwenda kitandani.

Kuna na jambo la macho. Katika mji wa Guangzhou, China, watafiti walichukua watoto wa darasa la kwanza katika shule 12. Nusu ya shule hizo ziliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya masomo, nyingine zikaendelea kama kawaida. Baada ya miaka 3, watoto waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30.4 kwenye shule zilizotoka nje na asilimia 39.5 kwenye zile nyingine. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015. Mwanga wa nje ni mkali kuliko wa chumbani mara nyingi sana, na wataalamu wanaamini ndio unaosaidia jicho lisirefuke kupita kiasi. Kucheza hakumponyi mtoto ambaye tayari haoni ubaoni. Huyo, tumieni likizo hii kumpeleka hospitali apimwe. Lakini hao wengine tunaweza kuwakinga, na jua tunalo la kutosha.

Sasa nije kwenye linalonigusa zaidi kama mwalimu. Michezo ya mtaani haina refa. Kabla ya kuanza, watoto wanakubaliana mpaka uko wapi, nani anaanza, akiguswa bega inahesabiwa au haihesabiwi. Kwenye kombolela, mtafutaji analinda kopo huku akiwasaka waliojificha. Aliyebaki akifanikiwa kufika mbio na kulipiga teke kopo, wote waliokwisha kamatwa wanakuwa huru. Mfikirieni mtoto wa miaka 8 aliyejibanza nyuma ya ukuta. Anabana kicheko. Anapima umbali. Anaona nafasi, anaiacha kwa kuwa bado si nzuri, anasubiri nyingine. Uwezo huo wa kujizuia, kukumbuka masharti na kungoja zamu ndio unaomwezesha kukaa darasani na kusikiliza maelezo mpaka mwisho, na hakuna fimbo wala kelele yangu iwezayo kuuingiza ndani yake.

Kwa hiyo, wakibishana nani ametoka na nani hajatoka, msikimbilie kuamua. Wengi wetu tukisikia sauti zimepanda tunatoka na mkanda, tunavunja mchezo, kila mmoja anarudishwa kwao. Wapeni nafasi, watayamaliza, maana wote wanataka mchezo uendelee. Ingilieni pale mtoto anapopigwa, anapotukanwa, au mkubwa anapowaonea wadogo.

Wapo watakaosema michezo shuleni ipo, UMITASHUMTA, yaani mashindano ya michezo ya shule za msingi Tanzania, ipo. Ni kweli, na tunajivunia watoto wetu waliochaguliwa. Lakini mashindano yanachukua wachache wenye vipaji, na wengine mia kadhaa wanabaki kupiga makofi pembeni. Mtaala ulioboreshwa umeifanya Sanaa na Michezo kuwa somo, jambo jema sana, ila vipindi vyake kwa wiki havimtoshi mtoto. Mchezo ninaoutetea hapa ni ule wa kila mtoto, hata yule asiyejua kupiga mpira.

Nina ombi zito kuhusu wasichana. Likizo ikianza, msichana wa miaka 10 anageuka kuwa msaidizi wa kazi: kuchota maji, kuosha vyombo, kupika, kumbeba mdogo wake mgongoni, jioni kukaa na beseni la karanga barabarani. Kaka yake, waliofuatana tumboni, saa tisa alasiri yuko kwenye chandimu. Kazi za nyumbani ni malezi, sizipingi, nami nililelewa nazo. Zigawanyeni. Mvulana anaweza kuosha sufuria na kufagia uwanja, na akifanya hivyo dada yake anapata saa moja ya kuruka kamba na kucheza ukuti na wenzake. Darasani tunawaona wasichana wanaorudi kutoka likizo wakiwa wamechoka kuliko walivyoondoka.

Na mtoto mwenye ulemavu asiachwe ndani kwa hofu ya kuchekwa. Asiyeweza kukimbia anaweza kuwa mrushaji kwenye rede, anaweza kuzungusha kamba, na kwenye bao au mdako hahitaji miguu. Asiyeona vizuri anaweza kuchezeshwa na mpira uliotiwa vizibo vya soda ndani ili ausikie unakotoka. Watoto wakielekezwa mara moja hubadilisha masharti wenyewe, tena kwa wepesi kuliko sisi wakubwa.

Najua hofu zenu, na ni za haki. Bodaboda hazipungui mwendo mitaani. Yapo mashimo yaliyochimbwa mchanga na matofali ambayo bado yana maji ya masika, na yapo majumba yasiyoisha ujenzi. Nashauri wazazi wa eneo moja mkubaliane sehemu ya kuchezea iliyo mbali na barabara, mzunguke muikague, mfukie mashimo, muokote chupa zilizovunjika, na kila siku mtu mzima mmoja awe karibu. Anaweza kuwa bibi anayechambua mboga barazani au kijana mwenye kibanda cha kuchajia simu, mradi watoto wanajua wakipata shida wamkimbilie nani. Kunywa maji kabla na baada, kuvaa viatu panapokuwa na vyuma, na kurudi nyumbani kabla ya magharibi.

Mahali pasipokuwa na uwanja, watoto huishia kwenye vibanda umiza, wamejaa kwenye chumba chenye giza wakitazama filamu za watu wazima, au wamezunguka mashine za kamari na shilingi walizotumwa dukani. Simu ya mama nayo imekuwa mlezi kwenye nyumba nyingi. Kumnyang'anya mtoto simu na kumwacha hana la kufanya ni kumtafutia kilio. Mtoeni nje kwanza, mtashangaa anavyoisahau.

Jambo hili lina nguvu ya sheria pia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, pale inapotaja wajibu wa mzazi wa kumpatia mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, inataja pia haki ya kucheza na kupumzika. Likizo hii ina siku mbili za kuwakumbusha watu wazima hilo: tarehe 11 Juni, Siku ya Kimataifa ya Kucheza, iliyoadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2024, na tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika. Kama mtapata nafasi siku mojawapo, jioni tokeni nje mcheze nao. Baba akishika kamba upande mmoja, mtoto atalisimulia hilo darasani muhula mzima.

Kwa upande wa shule, walimu tumekubaliana kwamba kuanzia muhula wa pili mapumziko ya saa nne ni ya kucheza. Mtoto hatazuiwa darasani wakati huo kwa sababu hakumaliza zoezi au kwa sababu alipiga kelele. Makosa yatarekebishwa kwa njia nyingine. Mkisikia mtoto wenu amezuiwa, njooni mniambie mimi mwenyewe.

Mwisho, kazi moja ya likizo haimo daftarini. Kila mtoto ajifunze mchezo mmoja ambao mzazi, babu au bibi yake alicheza utotoni, na awe tayari kuufundisha darasa lake. Watakaosafiri kwenda kwa ndugu mikoani wana bahati, maana huko watakuta michezo ambayo sisi hapa hatujawahi kuiona. Ajue masharti yake, nani anaanza, mtu anatokaje, na kama kuna maneno ya kuimba ayajue yote. Tutaanza kuipokea wiki ya kwanza ya kufungua shule, siku ya Ijumaa baada ya chakula cha mchana, darasa moja baada ya jingine, na mzazi anayependa kuja kuonyesha mwenyewe anakaribishwa. Mchezo ukihitaji kamba, kopo, kete au tairi kuukuu, aje navyo.

Nawatakia likizo njema.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu